Taa Iliyonusurika Nyundo

Kila asubuhi, kabla sijavaa sare ya shule, nilifuta bajaji ya mama. Nilianza na kioo, nikaja kwenye taa ya mbele, nikamalizia viti vya abiria. Bajaji hiyo ndiyo iliyotulisha na kunisomesha.

Sasa ilikuwa imeegeshwa uani, ubavu umebonyea na gurudumu la nyuma limepinda. Jioni moja gari lilichomoka kutoka barabara ya pembeni, likatugonga. Mimi nilipata michubuko tu, lakini mama alivunjika mguu. Halafu dereva yule, bila haya, akaiambia kampuni yake ya bima kwamba bajaji haikuwa na taa. Uongo mtupu! Nilikuwa ndani, na taa ilikuwa inawaka. Lakini nani angemsikiliza mtoto wa mdai? Kama bima ingemwamini dereva, bajaji isingetengenezwa, na mama asingekuwa na kazi.

Siku ambayo mkaguzi wa bima angekuja, mjomba alitangulia kufika. Alikuja na nyundo.

"Taa hii nzima inatupunja," alisema. "Nikiipasua, watatulipa na taa mpya."

"Mjomba, taa haikuvunjika kwenye ajali."

"Nani atajua?"

"Mimi."

Akacheka. "Kisiki, sogea. Haya ni mambo ya wakubwa."

Nyumbani huniita Kisiki kwa sababu nikigoma sing'oki. Nikaketi mbele ya bajaji, mgongo wangu ukaiziba taa.

"Dereva ametusingizia," nikasema. "Na sisi tukidanganya, tutamwita mwongo kwa mdomo gani?"

"Huna adabu wewe."

"Nisamehe, mjomba. Nimeshakuamkia, na chai nitakuletea. Lakini hapa sitoki."

Akanishika mkono kunivuta. Nikajikaza. Tukiwa katika kuvutana, hodi ikabishwa kwenye mlango wa uani. Mjomba akaficha nyundo ndani ya koti haraka.

Aliingia mkaguzi, mwanamke mwenye miwani na sauti ya upole. Mama naye akatoka ndani akijikongoja kwa magongo. Mkaguzi akaizunguka bajaji, akapiga picha ubavu uliobonyea.

"Dereva anasema hamkuwa na taa," alisema.

"Iwashe, mwanangu," mama akaniambia.

Nikazungusha ufunguo. Taa ikawaka, ikammulika mjomba tumboni, pale pale alipoficha nyundo. Jasho lilikuwa linamtoka.

Mkaguzi akainama, akachunguza skrubu za taa. Zilikuwa na kutu na vumbi la zamani. "Hii haijafunguliwa siku nyingi," alisema. "Kama ningeikuta imepasuka, nisingekuwa na la kumjibu yule dereva. Sasa binti, nieleze ulichokiona."

Nikamweleza chote, bila kuongeza wala kupunguza.

Bima ilikubali kulipa matengenezo na matibabu ya mama. Mjomba, kwa aibu, alikuja kumsaidia fundi kunyoosha ubavu wa bajaji kwa nyundo ile ile.

"Kaka, ulitaka kumvunja shahidi wetu," mama alimwambia, akicheka. Kisha akanigeukia, kicheko kimekwisha. "Haki yako idai kwa ukali wote, mwanangu, wala usimwogope mtu. Lakini usiitie chumvi. Ukiongeza uongo hata kidogo, unampa mwongo mwenzio mahali pa kujificha."

Nikachukua kitambaa, nikaanza kuifuta taa.