Simama, Tukuulize

Jumamosi hiyo maktaba ilifurika watu hadi mlangoni, na kinyozi, aliyeingia kukwepa mvua tu, akamkanyaga mkutubi mguu.

"Samahani, dada! Kwani hapa kunagawiwa nini?"

"Akili za pesa," mkutubi alimjibu, gauni lake la kijani likimkaa utadhani kazaliwa nalo. "Kaa. Hazilipiwi."

Akakaa. Weee! Tangu hapo alirudi kila Jumamosi, hata jua likiwaka. Na lile lilikuwa darasa kweli! Wauza mitumba, mwalimu mstaafu, bibi wa genge la mboga, wote mkutubi aliwaeleza riba hadi wakaielewa. Sheria yao ilikuwa moja: anayetaka kukopa husimama kwanza, wenzake wamuulize mpaka waridhike. Bibi wa genge aliwahi kusimama akitaka friji ya mkopo. Maswali yakamzidi, akakaa akicheka, baadaye akanunua iliyotumika kwa hela yake mwenyewe.

Kinyozi na mkutubi wakapendana, mapenzi yakakolea, simu zikawa haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje na wewe hujapiga?"

"Muongo mkubwa wewe!"

Kisha kinyozi akateleza. Alikopa simu ya bei mbaya, akampelekea mkutubi ikiwa imefungwa utepe. Mkutubi aliposikia ni ya mkopo, hata hakuifungua.

"Ulisimama darasani?"

"Ningesimamaje, laazizi? Nilitaka kukushtukiza!"

"Kumbe ninayofundisha kwako ni porojo. Irudishe. Na usinipigie."

Kinyozi alishinda kama kuku aliyenyeshewa. Kilichomuuma ni kwamba mwanamke yule alikuwa sahihi, na hilo ndilo alilompendea. Akairudisha dukani, wakamkata hela kidogo, akameza hasara.

Jumamosi akasimama.

"Nataka kuoa," alisema.

"Kwa mkopo?" bibi wa genge akamdaka.

"Kwa akiba yangu, bibi. Chai na keki, basi."

"Haraka ya nini?" mwalimu mstaafu akauliza.

"Nampenda, mwalimu. Naogopa nimeshampoteza."

"Na mwenyewe anasemaje?" mwalimu akaendelea.

Darasa zima likamgeukia mkutubi, aliyekuwa amelishika dawati kwa mikono miwili.

"Mwenyewe hajaulizwa," mkutubi alisema, machozi yakimlenga.

"Basi nakuuliza. Utanikubali?"

"Simu umerudisha?"

"Nimerudisha."

"Nimekukubali. Haya kaa chini, mume wangu, wenzako wanangoja zamu."