Ukuta Uliorefusha Watu

Mwanzoni mwa kila muhula, kiranja wa afya wa darasa la sita, binti wa miaka kumi na miwili, aliwapima wenzake uzito kwenye mizani na urefu kwenye mistari iliyochorwa ukutani. Kisha alizidisha urefu wa mita kwa urefu huohuo, akagawanya kilo kwa jibu hilo. Huo ndio uwiano wa uzito na urefu.

Muhula huu alishtuka. Yeye mwenyewe alikuwa na kilo 32 na urefu wa mita 1.50. Akagawanya 32 kwa 2.25, akapata 14.2. Kwa jedwali la watoto wa miaka kumi na miwili, amekonda kupita kiasi! Na karibu darasa zima lilikuwa hivyohivyo.

"Tunaibiwa chakula," alimnong'oneza rafiki yake.

Nani mwingine kama si mpishi, waliyembandika jina la Mama Upawa? Mbona kapu lake huondoka limefunikwa? Mbona yeye hakondi? Siku tatu binti alimwangalia kwa jicho la pembeni. Siku ya nne akampelekea mwalimu mkuu daftari la vipimo, akamweleza shaka yake.

Mwalimu mkuu akamwita mpishi chumba cha vipimo. "Mama, nimeambiwa unabeba chakula cha watoto kapuni. Haya yakiwa kweli, kazi huna."

Mpishi akajibu, "Kapuni mna aproni chafu tu. Lifunueni." Kisha akavua viatu, akaegemea ukuta. "Kama vipimo ndivyo ushahidi, nipimeni na mimi basi!"

"Mita 1.65," kiranja akasoma.

"Makubwa! Tangu ujana wangu nina mita 1.55. Nimerefuka uzeeni?"

Wote wakatazama chini. Wakati wa likizo, fundi alikuwa ameinua sakafu kwa zege, sentimita kumi kamili, na mistari ya ukutani ikabaki palepale. Wakampima binti upya kwa utepe: mita 1.40. Akagawanya 32 kwa 1.96, akapata 16.3. Hakuwa amekonda hata kidogo. Aibu ikamjaa.

"Hata mimi nilikurupuka," mwalimu mkuu alisema. "Hesabu hii hutuonyesha nani aangaliwe afya yake. Haituonyeshi mwizi. Kabla ya kumshuku mtu, kagua kwanza kipimo chako."

Mchana, binti alifika na sahani yake, macho chini. "Nisamehe, mama."

Mpishi alimpakulia upawa mmoja uliojaa, kama wa kila mtu.

"Nimeshasamehe. Ila leo hesabu vizuri, mwanangu."