Maji Yanayoelea

Mama Pacha alionja chai, akaitema.

"Nani katia chumvi humu?"

"Labda wewe mwenyewe," mumewe alimtania. "Siku hizi mawazo yako yako mbali."

Lakini hakuna aliyetia chumvi. Ilitoka kisimani.

Kisiwa chao ni kimoja kati ya visiwa vidogo vilivyotawanyika katikati ya bahari kuu. Hakina mlima wala mto. Watu huvua samaki, huvunja nazi na kukausha mbata. Meli huja mara chache kwa mwaka. Huchukua mbata, huacha mchele, unga na mafuta ya taa. Ikishaondoka, hata njiti ya kiberiti huheshimiwa.

Mwaka huo mvua ilikatika, na maji ya kisima yakapungua. Baba Pacha hakuwa mvivu. Ujanani alifanya kazi katika kisiwa kikubwa chenye mlima, na huko aliona watu wakiongeza kina cha visima maji yanapopungua. Basi akashuka na sururu. Maji yakajaa. Alitoka na tope hadi masikioni, akicheka mwenyewe. Sasa watoto wao pacha walikuwa wakinywa na kulia kwa kiu.

"Nitachimba tena," alisema. "Sijafika penye maji mazuri."

Mama Pacha alishikwa na hofu. Alikwenda kumwita jirani yao, fundi wa mabati. Fundi alichungulia kisimani, akaguna.

"Shemeji, niletee glasi ya maji na mafuta ya nazi."

Alimimina mafuta juu ya maji. Yakaelea.

"Mafuta haya ndiyo maji ya mvua," alisema. "Hayo ya chini ni bahari. Kisiwa chetu ni mchanga na matumbawe tu, na bahari imepenya mpaka chini yetu. Mvua huzama mchangani. Maji yake ni mepesi, kwa hiyo hukaa juu ya maji ya chumvi. Ukichimba sana, au ukiteka kwa pupa, unaivuta bahari ndani ya ndoo."

Baba Pacha aliikodolea macho ile glasi.

"Kumbe nilikuwa naichimba bahari."

"Ndiyo, ndugu yangu. Fukia ulipoongeza, kwa mchanga safi. Mteke kidogo kidogo. Mimi nitawafungia mifereji kwenye paa, mvua iingie kwenye pipa lenye mfuniko. Lakini dawa ya kisima ni mvua, na haina haraka."

"Na wanangu wanywe nini?" Mama Pacha aliuliza.

Fundi aliitazama minazi uani. Majirani walikuwa wakiwapa madafu, lakini minazi nayo ilikuwa imechoka kwa ukame.

"Meli iko njiani," alisema mwishowe. "Shangazi yao si yuko kisiwa kikubwa?"

Meli ilipokuja, pacha walipandishwa pamoja na magunia ya mbata. Mmoja alidhani ni matembezi, akapunga mkono. Mwingine alishika nguo ya mama yake hadi akabanduliwa vidole. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama Pacha alirudi nyumbani akalala bila kula.

"Bidii yako imetuponza," alimwambia mumewe.

Baba Pacha alichukua koleo. Alikifukia kisima hadi kina chake cha zamani. Fundi akafunga mifereji. Majirani waliokuwa wameandaa sururu zao waliziweka chini, wakaomba mifereji nao.

Mvua ikaja, ikanyesha msimu mzima. Pipa lilijaa likafurika. Kila baada ya siku kadhaa Baba Pacha alionja maji ya kisima na kutikisa kichwa. Hatimaye asubuhi moja hakutikisa. Alimletea mkewe kikombe.

Mama Pacha alikunywa chote, akatazama baharini, upande ilikokwenda meli. Kisha akaanza kulia.

"Vipi? Bado yana chumvi?"

"Hapana, Baba Pacha," alisema. "Ni matamu. Ndiyo maana nalia."