Jina la Susu Daftarini

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Mutanu aliketi kando ya mto mkavu akiwa na daftari na kalamu. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya waliofika kwenye mwethya, ile kazi ya pamoja ambayo wanakijiji huifanya bila malipo. Walikuwa wakikusanya mawe ya kujenga bwawa la mchanga, ili mvua ikinyesha maji yabaki kijijini kwao, karibu na Matiliku.

Mutanu alikuwa katika Gredi ya Saba na mwandiko wake ulipendeza. Aliyempendekeza kwa kazi hiyo alikuwa susu yake, yaani nyanya yake, Muthoki. Bibi huyo hakujua kukaa bure. Alibeba mawe kwa kiondo, kikapu chake cha kusuka, mgongoni, akimtania kila aliyepumzika.

"Wee Nzomo, kijana mzima umechoka na mimi mzee bado?"

Watu walicheka, na Nzomo akainuka. Kisha Susu alisimama mbele ya mjukuu wake.

"Andika Muthoki wa Nzau, nimefika. Siku nisipofika, usiandike."

Mwezi wa Juni Susu hakufika. Aliugua homa ya matumbo kwa sababu ya maji ya dimbwi, yale yale yaliyonywewa na punda. Wiki mbili hazikuisha, wakamzika. Mutanu alilia hadi sauti ikamkauka.

Baada ya mazishi watu walikata tamaa. Wengine walienda Mtito Andei kutafuta vibarua. Lundo la mawe likabaki lilivyo, na Jumamosi kumi zikapita bila jina hata moja daftarini.

Septemba ikaja habari kwamba Shirika la Tuinuane lingewatembelea. Shirika hilo lilikuwa na uwezo wa kusaidia mradi mmoja tu, na waombaji walikuwa watatu: bwawa lao, ufugaji wa kuku wa kijiji jirani, na zahanati ya ng'ambo ya kilima. Kila mtu alijua utaratibu wake. Lilisaidia wale ambao tayari wameanza kujisaidia. Wageni wangesoma daftari, wangetazama mawe, kisha wangezungumza na watu wenyewe.

Mzee Mwangangi, mwenyekiti wa kikundi, alimwita Mutanu kando.

"Mwanangu, jaza hizi kurasa tupu. Nakili tu majina ya nyuma. Tukikosa saruji yao ya kujengea bwawa, tutaendelea kunywa yale maji."

Mutanu aliyafikiria yale maji na moyo ukamuuma. Alinakili haraka, jina baada ya jina, mkono ukienda wenyewe kama ulivyozoea.

Siku ya ziara, Bi. Wariara wa Shirika la Tuinuane aliketi juu ya jiwe na kufungua daftari. Alisoma polepole, kisha akatabasamu.

"Kuna mtu hapa amekosa Jumamosi mbili tu, za Juni. Julai, Agosti, yupo tu. Muthoki wa Nzau yuko wapi nimsalimie?"

Baba yake Mutanu aliinamisha kichwa. Mutanu akasimama.

"Ni susu yangu," alisema huku machozi yakimtoka. "Alikufa Juni. Ni mimi nimemwandika."

"Usimlaumu mtoto," Mwangangi akasema. "Mimi ndiye niliyemtuma."

Bi. Wariara alifunga daftari. Hakugomba.

"Poleni sana kwa msiba. Mawe nayaona, na shida yenu naiona. Lakini wenzangu watauliza ni siku gani mlifanya kazi kweli, na mimi sina jibu. Msaada utaenda kwa zahanati. Rudini kazini, mwandike ukweli, nasi tutakuja tena Februari."

Gari lilipoondoka, Mutanu alishika zile kurasa ili azirarue. Mwangangi akamzuia.

"Usirarue. Piga mstari, zibaki tuzione. Susu yako alikufundisha vizuri, na mimi nikakuharibia. Nilidhani shida yetu ni kubwa kiasi cha kutuhalalishia uongo. Sasa umeona: uongo wa kurasa chache umefanya hata jasho letu la kweli litiliwe shaka. Daima sema lililopo, hata kama ni dogo."

Jumamosi iliyofuata walifika watu tisa. Wa kwanza alikuwa Mwangangi mwenyewe, kiondo begani.

"Andika, nimefika."

Mutanu aliandika majina tisa, wala hakuongeza la kumi. Wiki baada ya wiki watu wakarudi, na lundo likapanda.

Februari Bi. Wariara alirudi. Aliita majina, na kila aliyeitwa akaitika. Aliporidhika, alisema saruji na fundi wangekuja kabla ya mvua. Akina mama wakapiga vigelegele. Kisha akafunua kurasa za mwanzo kabisa, akaweka kidole juu ya jina moja na kumtazama Mutanu.

"Na huyu, hapa, kabla ya Juni?"

Mutanu alitazama mawe yaliyokuwa chini kabisa ya lundo. Akajibu bila kusita.

"Huyu alifika."