Nilimuuma Shemeji Ili Jemima Apumue

"Munyamazishe, ao mimi nitamunyamazisha!"

Shemeji Abdias alishika panga... na mukono wake ingine ulikuwa kwenye shingo ya mutoto wangu!

Bandugu, ilikuwa wakati wa vita, karibu na Mangina. Tulijificha ndani ya shamba ya ndizi: mimi, Jemima wangu wa miaka mbili, Abdias na bibi yake wa ndoa, Godelive. Basoda, ni kusema askari, balikuwa banapita barabarani.

Abdias mwenyewe njo alimupa Jemima karanga, ili asilie. Tulipokimbia kuingia mule, Jemima akapaliwa.

Khoo! Khoo! Hakuacha kukohoa.

"Batatusikia! Tukufe wote juu ya mutoto moja?"

"Abdias, ni mutoto wa kaka yako!"

Akamubana Jemima pua na kinywa. Macho yakamutoka... miguu ikapiga-piga...

Nikamuuma Abdias mukono mupaka mufupa! Damu yake ikanijaa kinywani. Nikanyakua mutoto, nikatokea barabarani.

"Telema! Simama!"

Soda mumoja akanipiga na kitako cha bunduki. Jino likaruka. Lakini Jemima sikumuachia. Alikuwa bluu, hata kukohoa hapana tena!

"Karanga! Iko mu koo!" nikamulilia soda.

Nikamulaza kifudifudi kwenye mukono wangu, kichwa chini. Nikamupiga katikati ya mabega. Bunduki kwenye shingo yangu... Nikapiga tena! Tena!

Kipande cha karanga kikaruka. Akalia!

Mara masasi ya bunduki ikalia nyuma, kule kwenye ndizi. Basoda bakakimbilia kule. Mimi nikapanda kamiyo, lori ya wakimbizi, mupaka Butembo.

Lakini Jemima aliendelea kukohoa, na homa juu. Batu banasema, "Ni baridi tu."

Munganga Jokébed, daktari wa hopitali, aliniuliza, "Mama, alishapaliwa na kitu?"

Nikamuelezea yote.

"Basi kipande kingine kiko mu pafu."

Bakamulaza usingizi, bakaingiza mupira mwembamba kama murija mu koo mupaka mu pafu, bakakitoa.

Godelive njo alitukuta pale hopitali. Peke yake, kichwa imefungwa bandeji.

"Abdias iko wapi?"

"Bauaji balitokea nyuma, mu pori. Hapana barabarani... Balimukata mapanga pale tulijificha. Kama mungebaki, bangekata na ninyi!"



Nilimulilia, bandugu. Mutu aliyetaka kuniulia mutoto... nilimulilia!

Munisikie: karanga hapana chakula ya mutoto mudogo. Akipaliwa, hata akitulia, umupeleke kwa munganga na umuambie kila kitu.

Mutoto kunyamaza, hapana kupona!