Namba Arobaini na Moja

Mapenzi ya wengine huanzia kwenye maua. Ya hawa wawili yalianzia kwenye mkojo, na hakuna sababu ya kuona haya kulisema.

Jumatatu asubuhi, korido ya kliniki imefurika watu, mtafiti wa maabara akamgonga nesi kwa boksi lake la barafu lililojaa vikopo vya mkojo. Shati la mtafiti lilikuwa limepigwa pasi mbele tu, nyuma limejikunja.

"Samahani, Sista."

"Samahani haipigi deki. Vikimwagika hivyo, utafuta mwenyewe, Bwana Vikopo."

Jina likamganda, na moyo wake ukaganda kwa nesi. Mwezi haukuisha wakawa wanapigiana simu kila jioni.

Wote walikuwa kwenye utafiti wa dawa za ugonjwa wa njia ya mkojo, na kazi yao ilikuwa hivi. Nesi aliandika jina la mgonjwa na namba kwenye daftari, daftari likabaki kwenye droo yake. Kikopo kilikwenda maabara na namba peke yake. Majibu hayakurudi wodini mpaka utafiti uishe, mwakani, eti kulinda siri za wagonjwa. Profesa, mkuu wa utafiti, ndivyo alivyoagiza. Huku nyuma wagonjwa walipewa vidonge vilevile vya siku zote.

"Mpenzi, leo nimekutana na kiboko," Bwana Vikopo alisema jioni moja. "Mdudu wa namba arobaini na moja! Vidonge vyenu anavila kama karanga."

"Yaani hunipigii ila kunisimulia wadudu? Niambie umenikumbuka."

"Nimekukumbuka mpaka nimekosea kuhesabu."

Nesi akacheka.

Siku tatu baadaye mama mzazi wa nesi alilazwa. Homa kali, mgongo unamkata, ugonjwa wa njia ya mkojo umeshafika kwenye figo. Mama naye alikuwa ametoa kikopo chake kliniki, basi nesi alifungua daftari kutazama alianza dawa lini. Mbele ya jina la mama palikuwa na arobaini na moja, kwa mwandiko wake mwenyewe. Akampigia Bwana Vikopo.

"Namba arobaini na moja ni mama yangu," alisema kwenye simu. "Dawa gani inamuua huyo mdudu?"

Bwana Vikopo akautazama mlango wa Profesa.

"Mpenzi... sina ruhusa ya kutoa majibu. Ngoja nimwone Profesa."

"Mama anatetemeka kitandani, wewe unatafuta ruhusa?"

Nesi akakata simu.

Profesa alikuwa kikaoni. Bwana Vikopo akakaa kwenye benchi nje ya mlango, dakika ishirini nzima, jasho likimtiririka. Alikuwa mwoga, tusifiche. Kisha akainuka, akachapa majibu na kukimbia nayo mpaka wodini. Daktari alisoma, akabadilisha dawa papo hapo. Siku ya pili homa ikashuka.

Lakini nesi hakupokea simu zake siku tisa. Siku ya kumi nesi alimkuta getini, shati limepigwa pasi pande zote.

"Profesa amenipa barua ya onyo," alisema Bwana Vikopo. "Ila amekubali. Kuanzia kesho, jibu lolote la hatari linapigiwa simu wodini siku hiyohiyo. Kama hutaki sauti yangu, atapiga mwenzangu."

Nesi alitazama chini.

"Daftari lilikuwa kwenye droo yangu," alisema taratibu. "Uliniambia namba kwa mdomo wako, nikacheka. Nimekununia wewe kwa sababu siwezi kujinunia mwenyewe."

"Kuna jambo hulijui. Siku ile sikuja moja kwa moja. Nilikaa kwenye benchi dakika ishirini."

Machozi yakamlenga nesi. Hasira ilimpanda, akaiacha ipande mpaka ikashuka.

"Asubuhi nipigie wewe," alisema mwishowe.

"Na jioni?"

"Jioni usipige."

Uso wa Bwana Vikopo ukanywea.

"Jioni njoo nyumbani. Mama anamsifu kwa kila mtu yule kijana aliyekimbia kumwokoa. Utamweleza habari ya benchi mwenyewe, nami ya droo. Akishatusikia, ndipo umwombe unioe."

"Asiponisamehe?"

"Utarudi kesho yake. Nami nitakuwa nimekaa kando yako mbele yake."