Mgonjwa Anadai Ameacha Sigara

Ambakisye aliinua kiti cha chuma juu ya kichwa chake, tayari kumpiga nacho muuguzi. Sekunde kumi na moja baadaye alikishusha, akakiweka sawa, akakikalia. Hakuna aliyemshika wala kumchoma sindano. Chini ya ngozi ya mkono wake wa kushoto kulikuwa na kigawadozi, kidude cha ukubwa wa punje ya hindi, ambacho kilisikia sauti yake ikipanda na misuli yake ikikaza, kikapiga hesabu, kikamwaga dawa kwenye damu. Wageni wa wizarani waliosimama nyuma ya kioo walipiga makofi. Watu wa wizarani hupenda sana kupigia makofi vitu wasivyovielewa.

Hiyo ilikuwa Mbeya, mwaka 2093, katika hospitali ya akili iliyojengwa upya kwa ajili ya jaribio hilo moja. Mkuu wa jaribio, Daktari Kapinga, aliwaeleza wageni kwamba zamani daktari alimwona mgonjwa mara moja kwa mwezi, akabahatisha dozi, akaomba Mungu. Kigawadozi kilimpima mgonjwa mara mia nne kwa dakika: anavyotembea, anavyopumua, anavyopanga maneno. Kila jioni, kupitia kidude kingine cha sikioni, kilimuuliza kwa sauti ya upole, "Leo umejisikiaje?" na jibu lake likaingia kwenye hesabu. Damu hakikupima. Kapinga alipenda kusema kwamba damu inaeleza habari za jana, ilhali tabia inaeleza za sasa. Msemo huo ulimpa tuzo mbili, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumuuliza zaidi.

Mfamasia wa jaribio aliitwa Subilaga, na Ambakisye alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Kapinga alilijua hilo. Wagonjwa wa kujaribiwa walikuwa hawatoshi, kwa hiyo alifumba macho.

Fomu ya kuingia ilikuwa na maswali sitini na mawili, na Subilaga ndiye aliyeyajaza. La arobaini na moja liliuliza: Je, mgonjwa anavuta sigara? Aliyejibu ndiyo alirudishwa kwao. Sababu ilikuwa ya kitaalamu. Moshi wa tumbaku hulichochea ini liichome haraka ile dawa iliyowekwa kwenye kigawadozi, iitwayo lozamini, hata mvutaji akahitaji karibu mara mbili ya dozi ya mwenzake. Watafiti hawakutaka wavutaji wawavurugie takwimu. Ambakisye alimaliza pakiti moja kwa siku. Subilaga aliandika "Hapana", akasaini.

Alikuwa na hoja zake. Kwao Tukuyu, Ambakisye alikuwa ameishi miaka minne katika chumba kinachofungwa kwa nje, na mama yao akimpitishia chakula dirishani. Isitoshe, Subilaga alijiambia, kigawadozi kitaona chenyewe kwamba mtu huyu anahitaji dawa nyingi, kitampa. Kwa miezi kumi na moja hesabu hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Ambakisye alivuta nyuma ya chumba cha kufulia, wauguzi wakageuza shingo, kigawadozi kikammiminia dozi ya kumlaza fahali, naye akawa mzima. Akaanza tena kusoma magazeti na kubishana kuhusu mpira.

Mwezi wa kumi na mbili Subilaga alitumwa Dodoma kwa wiki tatu kuwahutubia madaktari kuhusu usalama wa kigawadozi. Alirudi Alhamisi mchana, akaenda moja kwa moja wodini.

Alimkuta mdogo wake kwenye benchi, udenda umelowanisha kifua cha shati, mikono ikirukaruka mapajani bila yeye kuiamuru. Alipomwona dada yake alijaribu kusimama, magoti yakakataa.

"Amba, umekuwaje?"

"Dada." Ulimi wake ulikuwa mzito. "Nimeacha."

"Umeacha nini?"

"Sigara. Leo siku ya kumi na tisa. Nilitaka zifike thelathini ndo nikwambie."

"Nani kakwambia uache?"

"Hakuna mtu. Wewe uliandika kwamba sivuti. Nikawaza, kwa nini dada yangu awe mwongo kwa sababu yangu? Nikiacha, fomu yako inakuwa kweli."

Alitabasamu, na udenda ukamtoka tena. Subilaga aliufuta kwa kiganja chake, na papo hapo akaelewa yote. Moshi ulikuwa umekoma, ini limepunguza kasi, na dozi iliyomfaa alipokuwa akivuta sasa ilikuwa mara mbili ya kile ambacho mwili unaweza kubeba. Mikono kurukaruka na ulimi kuwa mzito ni dalili za sumu, lakini kwa kifaa kisichopima damu vinafanana na wazimu uliopanda. Kifaa kinachoona wazimu umepanda huongeza dawa.

Alimkuta Kapinga ofisini akipanga picha za ziara ya waziri.

"Daktari, naomba ushushe dozi ya kitanda cha tisa. Iwe nusu, na iwe leo."

"Sababu?"

"Dawa imemzidi. Anatokwa na udenda, mikono inaruka."

"Kifaa kinasema ni ugonjwa umepanda."

"Kifaa kimekosea."

"Kimekosea wapi? Nioneshe namba." Kapinga hakuinua macho. "Juzi ulikuwa unawaambia watu mia tatu kwamba hakikosei. Nilikuangalia. Ulisema vizuri sana."

"Basi mpime damu. Damu tu, Daktari."

"Nikimtoboa mgonjwa nje ya utaratibu lazima niandike kwa nini." Hapo ndipo alipomtazama. "Kuna kitu sikijui kuhusu huyu mgonjwa?"

Ingependeza kusema kwamba Subilaga alimfikiria mdogo wake kwanza. Hapana. Kwanza alifikiria leseni yake, halafu heshima aliyoipata Dodoma, halafu ndipo akakumbuka kile chumba cha Tukuyu na kujiambia kwamba anaogopa kwa ajili ya Ambakisye.

"Hapana," alisema. "Hakuna."

"Basi tuiache mashine ifanye kazi yake."

Alitoka nje ya geti, akanunua pakiti ya sigara kwa mchuuzi, akaitia kwenye mkoba. Kesho angempelekea mdogo wake avute, ini lichangamke, na mambo yajinyooshe bila mtu kuulizwa kitu. Ini halirudi kazini kwa sigara moja wala kwa pakiti moja. Linahitaji siku nyingi. Hospitali nzima hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Alinunua hivyo hivyo.

Ijumaa saa mbili asubuhi Ambakisye alianguka kifafa akiwa ameegemea ukuta kwenye foleni ya uji. Kigawadozi kiliona mwili unarusha mikono na miguu, kikahesabu kuwa ni fujo, kikamwaga dozi nyingine. Subilaga alifika akikimbia na kuanza kupiga kelele pale pale kwenye korido, mbele ya wauguzi na wagonjwa walioshika vikombe, kwamba Ambakisye alikuwa mvutaji, kwamba fomu ni ya uongo, kwamba yeye ndiye aliyedanganya. Muuguzi mmoja alikimbilia kwenye mtambo unaoongoza kigawadozi kuyaandika hayo. Mtambo ulimjibu kwamba taarifa iliyosainiwa na mfamasia haibadilishwi bila kikao. Walikitoa kigawadozi kwa kisu cha upasuaji. Moyo ulisimama saa tatu na dakika ishirini.

Tume ya uchunguzi ilimaliza kazi kwa wiki tatu. Iliandika kwamba kifaa kilifanya kazi kama kilivyoelekezwa, na kwamba taarifa za awali zilizotolewa na mfamasia hazikuwa sahihi. Subilaga alifutiwa leseni. Kapinga alibaki na jaribio lake, akaongeza swali la sitini na tatu kwenye fomu. Subilaga aliichukia ripoti hiyo kwa moyo wote, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakupata humo sentensi moja ya uongo.

Kwa kuwa alikuwa ndugu wa marehemu, sheria ilimpa haki ya nakala ya kumbukumbu za kifaa. Aliisoma kwenye ngazi za hospitali, mchana kweupe, watu wakimpita. Kumbukumbu za tangu aache sigara zilianza hivi:

Jioni ya kwanza. Mgonjwa anadai ameacha sigara. Fomu: si mvutaji. Uainishaji: imani potofu. Dozi imeongezwa.

Jioni ya pili. Mgonjwa anadai ameacha sigara. Anasema dada yake atafurahi. Uainishaji: imani potofu, inaendelea. Dozi imeongezwa.

Ziliendelea hivyo jioni kumi na tisa. Alikuwa amejibu kila alipoulizwa. Jioni ya mwisho, Alhamisi ile ile, alikuwa amesema kwamba dada amerudi, na kwamba sasa yupo anayejua.

Jumapili Subilaga alikwenda Tukuyu. Mama yao alikuwa ukumbini anachambua maharage, ungo mapajani. Hakumkaribisha wala kumfukuza. Subilaga alikaa chini na kumsomea karatasi zote, mstari kwa mstari, akimweleza maana ya kila neno, na kwa nini mashine isiyopima damu ni hatari, na jinsi daktari alivyomuuliza maswali Alhamisi kisha akakataa kupima damu, na kwamba angeandika barua wizarani ili dunia nzima ijue mashine ile ilivyoua.

Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo kila jioni mwanangu alisema kweli."

"Ndiyo, mama."

"Na ile mashine ikasema ni wazimu wake."

"Ndiyo."

"Na yule daktari alipokuuliza, Alhamisi, wakati Amba yuko hai. Wewe ulimjibuje?"

Subilaga alizikunja karatasi, akazikunjua, akazikunja tena.

"Nilisema hapana, mama. Nilisema hakuna kitu."

Mama aliutikisa ungo, akatoa kijiwe, akakitupa uani.

"Basi habari za mashine usiniletee tena hapa."